Nahodha yumo melini: watu wa nchi kavu wana kazi gani?

Aliyeniandikia ni kijana aliyehitimu masomo ya uchukuzi, na kwa miezi mitatu sasa anafanya kazi katika ofisi ya wakala wa meli. Anasema kila meli inapofunga gatini huikuta na nahodha wake, maafisa wake na mabaharia wake, na bado nchi kavu kuna kundi zima la watu wanaoishughulikia: wakala, nahodha mwingine aliyetumwa na kampuni, mhandisi aliyepanda ndege kuifuata meli, mwakilishi wa mkodi (aliyeikodi meli), na wakaguzi wa kila namna. Kila mmoja ana simu mkononi na kila mmoja anatoa maagizo. Wiki iliyopita yule nahodha wa kampuni alimwagiza apeleke ujumbe melini kwamba rubani, yule mwongoza meli wa bandari, ameshaitwa na meli ing'oe saa nne usiku. Nahodha wa meli akakataa, akisema afisa mkuu wake hajamaliza hesabu za uthabiti, yaani za kujua kama meli itasimama wima bila kulala ubavu. Rubani akarudi, tagi (boti za kuvuta meli) zikarudi, na ofisini ikasemwa kwamba kijana ameshindwa kumsukuma nahodha. Anauliza: watu wa nchi kavu wana kazi gani hasa, na yeye alipaswa kusimama upande gani?

Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe kisha nilifafanue. Watu wa nchi kavu wapo ili nahodha apate muda na taarifa sahihi za kuamulia mambo yake, na ikiwezekana apate na usingizi. Uamuzi wa kuondoka au kutoondoka unabaki mikononi mwake. Hukukosea kwa kutomsukuma. Kama lipo kosa katika kisa chako, liko mahali pengine, nami nitalifikia mwishoni, kwa sababu halieleweki bila kuwajua kwanza hao wote uliowakuta wakipanda na kushuka ngazi ya meli.

Ukitaka kujua mtu anafanya nini bandarini, uliza kwanza analipwa na nani. Meli ya biashara mara nyingi ina mabwana wawili. Mwenye meli, au kampuni inayoiendesha kwa niaba yake, ndiye anayewalipa mabaharia, anayeitengeneza meli na kuikatia bima. Mkodi ni yule aliyeikodi ili imchukulie shehena, ama kwa safari moja, ama kwa muda wa miezi au miaka. Katika ukodi wa muda, kwa kawaida mkodi ndiye anayenunua mafuta ya meli, anayelipa ushuru wa bandari na anayemchagua wakala. Katika ukodi wa safari moja, gharama hizo humwangukia mwenye meli, ingawa mkataba waweza bado kumpa mkodi haki ya kuteua wakala. Hapo ndipo penye utata unaokusumbua: ofisi yenu imeteuliwa na mkodi, lakini mnapomtafutia baharia daktari wa meno au mnapopokea vipuri uwanja wa ndege, mnamtumikia mwenye meli. Wenye meli wengine, kwa kuliona hilo, huweka wakala wa pili wa kulinda maslahi yao na kushughulikia mambo ya mabaharia peke yake. Kwa hiyo usishangae kukuta mawakala wawili kwenye ngazi moja, kila mmoja na faili lake. Hawagombanii kazi, wana mabwana tofauti.

Kazi ya wakala huanza siku nyingi kabla meli haijaonekana. Hutayarisha makadirio ya gharama za bandari na kuomba fedha zitumwe mapema, kwa maana bandari haimkopeshi mgeni anayeondoka kesho, na wakala anayelipa kwa fedha zake mwenyewe anaweza kuzitafuta fedha hizo mwaka mzima. Huomba gati, rubani na tagi. Hukusanya nyaraka ambazo Mkataba wa Kurahisisha Usafiri wa Baharini wa mwaka 1965 ulizipa sura moja dunia nzima: tamko la jumla la meli, tamko la shehena, akiba ya vyakula na vifaa, mali binafsi za mabaharia, orodha ya mabaharia, orodha ya abiria, na orodha ya shehena hatarishi. Tangu tarehe 1 Januari 2024 nchi wanachama wa mkataba huo zinatakiwa ziwe na dirisha moja la kielektroniki, ambapo taarifa hizi hutumwa mara moja badala ya kupelekwa forodha kivyake, uhamiaji kivyake na mamlaka ya bandari kivyake. Kwa upande wa ulinzi, chini ya kanuni za ulinzi wa meli na bandari zilizoanza kutumika Julai 2004, meli inaweza kutakiwa kutaja bandari 10 ilizopitia mwisho na hali ya ulinzi ilivyokuwa katika kila moja, na kwa kawaida taarifa hiyo hutakiwa saa 24 kabla ya kuingia.

Yote haya yanaonekana kuwa makaratasi matupu mpaka siku tarakimu moja ya pasipoti inapokosewa kwenye orodha ya mabaharia. Nimewahi kukaa kwenye mesi ya meli saa mbili nzima, maafisa wa uhamiaji wakiwa wameweka kalamu chini, makuli wakiwa wamesimama gatini na kreni zimelala, kwa sababu mpishi wa meli alikuwa na pasipoti mpya na orodha iliyotumwa ilikuwa na namba ya zamani. Kosa lilikuwa la melini, lakini wakala alikuwa na nakala ya pasipoti kwenye barua pepe yake tangu siku nne nyuma. Hakuna aliyeilinganisha na orodha. Ukiniuliza wakala mzuri humtambua kwa nini, nitakuambia ni yule anayesoma anachokituma.

Meli ikifika na kupewa kibali cha afya, bendera ya njano inashushwa na saa zinaanza kuhesabiwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vijana wengi wa ofisi za mawakala wanapoingia kazini bila kuambiwa uzito wa kile wanachokishika. Nahodha hutoa taarifa ya utayari, yaani waraka wa kumwambia mkodi kwamba meli imefika na iko tayari kwa kila hali kupakia au kupakua. Kutoka hapo, kwa kufuata masharti ya mkataba, muda wa kupakia na kupakua huanza kuliwa. Mkodi akiumaliza muda wake na meli bado iko gatini, hulipa fidia ya ucheleweshaji kwa kila siku na sehemu ya siku. Akimaliza mapema, mikataba mingine humpa tuzo. Ushahidi wa hesabu yote hiyo ni karatasi moja iitwayo kumbukumbu ya matukio, na anayeiandika ni wakala. Mara nyingi ni yule mdogo kuliko wote ofisini.

Chukua usiku mmoja wa kupakia sukari ya wingi. Mvua inaanza, vifuniko vya ngama, vyumba vya shehena vya meli, vinafungwa, kazi inasimama. Melini wanaandika kwenye kitabu cha zamu kwamba kazi ilisimama saa 02:40 na ikaendelea saa 04:05. Karani wa gati, ambaye anaishi kwa saa zetu za Kiswahili, anaandika saa 8:40 hadi saa 10:05. Wote wawili wako sahihi, ni usiku uleule na mvua ileile, lakini atakayesoma karatasi ya pili akiwa ofisi ya mbali ataona mvua ya asubuhi iliyonyesha saa sita baadaye, na akilinganisha na kitabu cha meli ataanza kudhani kulikuwa na mvua mbili. Nimeona barua zikiandikwa miezi mitano juu ya mvua ya namna hiyo. Andika kwa saa 24, andika papo hapo ukiwa umesimama mahali unapoona ngama kwa macho yako, na usijaze nafasi zilizobaki wazi kwa kukisia. Afisa wa zamu akitofautiana nawe kwa dakika kumi, msigombane. Andikeni nyakati zote mbili na kila mmoja atie saini na maelezo yake. Wakala anayeipindisha kumbukumbu ili kumfurahisha mkodi aliyemteua amepoteza kitu pekee anachokiuza.

Sasa tuje kwa yule nahodha wa kampuni. Cheo chake huwachanganya watu kwa sababu ya jina, maana kwa Kiingereza huitwa "port captain", nahodha wa bandari. Si mkuu wa bandari, na wala si mkubwa wa nahodha wa meli, ingawa mara nyingi ni mtu aliyewahi kuongoza meli kwa miaka mingi kabla hajahamia nchi kavu. Ametumwa, ama na mwenye meli ama na mkodi, asimamie upakiaji na upakuaji: achore mpango wa kupanga shehena, azungumze na kampuni ya makuli, aangalie jinsi mizigo inavyofungwa kwa minyororo na mikanda, afupishe muda wa meli gatini. Akiwa stadi, ana thamani kubwa sana. Anaijua bandari, anajua ni kreni ipi huharibika mara kwa mara, anaweza kumwambia afisa mkuu jambo ambalo hakuna kitabu kitakachomwambia. Hatari yake ni kwamba mpango anaouchora unaweza kuonekana kama uamuzi uliokwisha kufanywa, watu wa melini wakabaki kuutekeleza tu.

Tazama yaliyoipata meli ya magari Höegh Osaka tarehe 3 Januari 2015. Meli ile ilitoka Southampton jioni kuelekea Bremerhaven, na muda mfupi baadaye, ilipokuwa ikikata kona, ikalala ubavu kwa zaidi ya digrii 40, ikapoteza nguvu za injini na usukani, ikakwama kwenye fungu la mchanga la Bramble. Watu wote waliokolewa. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walipoifumua habari hiyo hawakukuta tufani wala mwamba. Walichokuta ni mambo ya gatini. Kwa kawaida meli ilikuwa ikipitia bandari nyingine za Ulaya kwanza na kumalizia Southampton. Safari ile ratiba iligeuzwa, Southampton ikawa ya kwanza, lakini mpango wa kupanga magari haukubadilishwa ipasavyo. Sitaha za juu zikajaa huku za chini zikiwa na mzigo mchache, na mafuta yaliyohifadhiwa chini ya meli yalikuwa kidogo. Uzito wa shehena uliotumika ulikuwa wa makadirio, na uzito halisi ulikuwa mkubwa zaidi. Maji ya farumi, yale yanayojazwa matangini ili kuituliza meli, nayo hayakulingana na yaliyoandikwa, kwa sababu vipimo vingi vya matangi vilikuwa havifanyi kazi na watu wakawa wanakadiria. Mpango ulikuwa umechorwa na nahodha wa kampuni bila afisa mkuu wa meli kushirikishwa inavyotakiwa, na meli iliondoka gatini kabla ya mtu yeyote kupiga hesabu ya uthabiti kwa shehena iliyokuwa imepakiwa kweli.

Jambo linalonisumbua zaidi katika ripoti ile ni kwamba hakuna aliyetenda ovu. Nchi kavu walidhani melini watahesabu, na melini walidhani waliochora mpango wanajua wanachokifanya. Kila upande uliuamini upande wa pili kupita kiasi. Wachunguzi waliandika pia kwamba desturi ya kuondoka kwanza na kuhesabu baadaye haikuwa ya meli ile peke yake. Sasa rudi kwenye kisa chako: nahodha aliyekataa kuondoka mpaka afisa mkuu amalize hesabu alikuwa anafanya lile lile ambalo halikufanyika Southampton.

Kwenye makontena tatizo la uzito lina historia yake. Meli MSC Napoli ilipovunjika katika dhoruba Januari 2007, makontena yaliyokuwa sitahani na kubaki makavu yalipimwa upya: kati ya takriban 660, makontena 137 yalitofautiana na uzito uliotangazwa kwa zaidi ya tani 3. Tangu tarehe 1 Julai 2016 kontena haliruhusiwi kupakiwa bila uzito wake wa jumla kuthibitishwa, ama kwa kulipima likiwa limeshajazwa na kufungwa, ama kwa kupima kila kilichomo na kujumlisha na uzito wa kontena tupu. Mpanga shehena wa nchi kavu siku hizi humpangia nahodha makontena kutoka kwenye kompyuta iliyo mbali sana na gati, na hilo halina ubaya, mradi mpango ufike melini mapema kiasi cha afisa mkuu kuweza kuubishia. Mpango unaofika wakati kreni imeshashusha kontena la kwanza ni taarifa tu.

Mhandisi aliyepanda ndege kuifuata meli ni msimamizi wa kiufundi. Huyu anatoka kwa mwenye meli au kwa kampuni inayoiendesha, ana meli kadhaa chini yake, na bajeti ya matengenezo iko mezani kwake. Huja kukagua, kusimamia matengenezo, kumpokea mkaguzi wa chama kinachoipa meli daraja, na kuiweka meli tayari kwa wakaguzi wa serikali za bandari. Hawa wa mwisho wanafanya kazi kwa makubaliano ya kikanda, la kwanza likiwa lile la Paris la mwaka 1982, na wakikuta kasoro kubwa wana uwezo wa kuizuia meli isiondoke. Kwako wewe wa ofisi ya wakala, msimamizi huyu ni mtu wa vipuri. Sanduku la kilo nne lenye pete za pistoni likikwama forodha kwa kuwa kwenye hati halikuandikwa kuwa ni vipuri vya meli iliyo safarini, meli ya tani elfu hamsini itaondoka bila hilo sanduku, na injini haitasubiri bandari ijayo kwa kuwa wewe ulikuwa na kazi nyingi.

Mafuta yana utaratibu wake. Tishari la mafuta likifunga ubavuni, kabla bomba halijafunguliwa mhandisi wa meli hupima matangi ya tishari, halafu hupima tena mwisho, na sampuli huchukuliwa kwa matone mfululizo wakati wote wa kupokea, si kwa kuchota chupa moja ya mwisho. Tangu tarehe 1 Januari 2020 salfa katika mafuta ya meli haitakiwi kuzidi asilimia 0.50, na katika maeneo maalumu ya kudhibiti moshi asilimia 0.10, isipokuwa meli iwe na mtambo wa kusafisha moshi wake. Hati ya kupokelea mafuta hukaa melini miaka 3, na sampuli iliyofungwa kwa lakiri hukaa mpaka mafuta yakaribie kwisha, lakini si chini ya miezi 12. Mhandisi mkuu akisema amepokea kidogo kuliko ilivyoandikwa na akatoa barua ya kupinga, wakala huipokea, huitia saini ya kupokea tu na kuipeleka kwa wahusika siku hiyo hiyo. Nimeona mawakala wanaomsihi mhandisi asiandike barua ili tishari liondoke mapema. Hilo si jukumu lao.

Hati za shehena zinahitaji tahadhari ya pekee, kwa maana hapo wakala hushika kalamu ya nahodha. Shehena inapoingia melini, afisa wa meli hutoa stakabadhi inayoeleza idadi na hali yake: mifuko kadhaa imechanika, koili za chuma zina kutu. Stakabadhi hiyo ndiyo inayopaswa kuonekana kwenye hati ya shehena, ambayo ni ahadi kwa mtu aliye ng'ambo kwamba atapokea kitu cha hali ile. Nahodha akimpa wakala idhini ya kutia saini kwa niaba yake, idhini hiyo huandikwa na kuwekewa mpaka: hati ilingane na stakabadhi za afisa. Muuzaji asingependa kuona neno kutu, kwa sababu benki ya mnunuzi inaweza kukataa kulipa, kwa hiyo huja na barua ya kinga, yaani ahadi ya kubeba hasara yoyote endapo hati itatolewa safi. Ijue barua hiyo unapoiona. Mahakama nyingi haziipi nguvu barua ya kinga iliyotolewa ili kuficha hali ya shehena inayojulikana na wote, na mwenye meli anayeipokea huhatarisha bima yake ya dhima. Akikuletea mtu barua kama hiyo saa tano usiku na kusema nahodha hana shida, usitie saini. Mpigie nahodha, kisha mpigie mwenye meli, na mwakilishi wa klabu ya bima, ile inayobeba bima ya dhima ya mwenye meli, yuko karibu kila bandari kubwa kwa ajili ya shida kama hizi.

Halafu kuna watu. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013, unampa baharia mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika kila siku 7. Saa hizo 10 zinaweza kugawanywa mara mbili tu, na kipande kimoja kisipungue saa 6. Baharini mapumziko haya hupatikana. Bandarini ndipo yanapovunjwa, na wanaoyavunja mara nyingi ni sisi. Afisa mkuu amesimamia kufunga meli gatini saa kumi alfajiri, asubuhi amekutana na makuli, saa sita mkaguzi wa farumi anataka kupima kina cha meli omo na tezi, yaani mbele na nyuma, saa tisa muuza vyakula anataka saini, jioni mkaguzi wa ngama, usiku wakala analeta hati. Kila mmoja wetu alimchukulia dakika ishirini tu. Ofisi inayoijua kazi yake hupanga wageni hao kwa zamu, humuuliza nahodha kwanza ni saa ngapi afisa mkuu atalala, na huwaambia wengine wasubiri. Ni jambo dogo, halimo katika mkataba wowote wa wakala, na kwangu mimi ni miongoni mwa huduma bora ambazo ofisi yenu inaweza kuitolea meli.

Kubadilisha mabaharia, kuwapeleka hospitali, kuwatafutia ruhusa ya kushuka nchi kavu, kupeleka fedha taslimu kwa nahodha: haya huhesabiwa kuwa kazi za nyongeza, na watu huyaona hivyo mpaka yanaposimama. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, mabaharia wapatao laki nne walijikuta wamebaki melini baada ya mikataba yao kwisha, wengine kwa zaidi ya mwaka. Chakula na mafuta viliendelea kupelekwa. Kilichoshindikana ilikuwa ile kazi ya wakala ya kumtoa mtu ngazini, kumpitisha uhamiaji na kumfikisha kwenye ndege.

Yupo mtu mmoja zaidi wa nchi kavu ambaye hukumtaja, labda kwa sababu hujamwona gatini. Tarehe 6 Machi 1987 kivuko Herald of Free Enterprise kilitoka Zeebrugge milango yake ya omo ikiwa wazi, maji yakaingia sitaha ya magari, kikapinduka, na watu 193 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba manahodha wa kampuni ile walikuwa wameomba mapema taa za kuwaonyesha katika chumba cha usukani kama milango imefungwa, na ofisi ya nchi kavu haikuwapa uzito wowote. Kutokana na ajali hiyo na nyingine, zikaja kanuni za kimataifa za usimamizi salama wa meli, zilizoanza kuwa za lazima tarehe 1 Julai 1998 kwa meli za abiria, za mafuta na za shehena ya wingi, na kufikia meli nyingine za mizigo mwaka 2002. Kanuni hizo zinaitaka kila kampuni iteue mtu wa nchi kavu mwenye njia ya moja kwa moja ya kumfikia mkuu kabisa wa kampuni, ambaye baharia yeyote anaweza kumweleza hatari bila kupitia ngazi za ofisi. Jina lake na namba zake za simu kwa kawaida zimebandikwa melini, mara nyingi kwenye ubao wa mesi. Ukipanda tena, litazame. Kanuni hizo hizo zinasema wazi kwamba nahodha ana mamlaka ya mwisho kuhusu usalama na mazingira, na mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unakataza mwenye meli, mkodi au mtu mwingine yeyote kumzuia nahodha kuamua kile ambacho utaalamu wake unamwambia ni cha lazima kwa usalama.

Kwa hiyo, katika kisa chako, nahodha alikuwa na haki, na nahodha wa kampuni alikuwa na haki ya kuomba lakini hakuwa na haki ya kuamuru. Kosa ninaloliona liko mapema kidogo, kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Rubani aliitwa kwa neno la mtu ambaye si nahodha. Rubani huitwa kwa saa aliyoitoa nahodha mwenyewe, na ofisi yenu ilipaswa kumuuliza kabla ya kumwita: shehena itakwisha saa ngapi, ufungaji utachukua muda gani, afisa mkuu anahitaji saa ngapi za hesabu baada ya kontena la mwisho? Majibu hayo yangekupa saa sita usiku au saa saba, na rubani angekuja mara moja tu.

Sasa kwa kuwa limeshatokea, andika kwenye kumbukumbu ya matukio kile kilichotukia, bila kivumishi hata kimoja: saa 22:00 rubani alifika, saa 22:10 nahodha alieleza kwamba hesabu za uthabiti hazijakamilika, saa 22:20 rubani na tagi waliachiliwa, saa fulani hesabu zikakamilika, saa fulani rubani aliitwa upya. Nani atalipa safari ile ya bure ya rubani na tagi ni swali la mwenye meli na mkodi, na karatasi yako ndiyo watakayoisoma wakilijadili. Agizo la nahodha wa kampuni lipeleke melini kama lilivyo, kwa maandishi, likiwa na jina la aliyelitoa; na jibu la nahodha lirudishe hivyo hivyo, maneno yake mwenyewe, usiyalainishe. Mkubwa wako akikuuliza tena kwa nini hukumsukuma, mwonyeshe saa ambayo nahodha alisema atakuwa tayari, na muulize kama ofisi ilikuwa nayo kabla ya kumpigia rubani simu.